Godoro la chini ni la nani? Watu watatu wakitafuta chumba Kariakoo

"Mko wangapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza kwenye dirisha la mapokezi la karibu kila gesti ya Kariakoo, na jibu la "watatu" humfanya mhudumu anyanyue kichwa. Anatazama ubao wa funguo ulio nyuma yake. Anamtazama mama aliyesimama na begi, bibi aliyekwishakaa kwenye benchi, na mtoto wa kiume aliyeegemea bega la bibi yake. Kisha anasema maneno ambayo mama huyo aliyasikia mara mbili kwenye simu kabla hajatoka Dodoma: "Vyumba vyetu ni vya wawili, dada. Lakini tunaweza kuwawekea godoro."

Linasemwa kama msaada, na kwa namna fulani ni msaada kweli. Lakini hakuna anayeuliza nani atalilalia. Jibu linajulikana katika kila familia: atalilalia mama.

Vyumba vya kulala wageni mjini vimejengwa kwa hesabu ya mtu mmoja au wawili. Mmoja ni mfanyabiashara aliyekuja kufunga mzigo, na wawili ni mume na mke, au watu wanaojiandikisha hivyo. Familia ya watatu haimo. Ukiitazama Dar es Salaam vizuri, chombo pekee kilichomkumbuka mtu wa tatu ni bajaji, ambayo kiti chake cha nyuma kinatosha abiria watatu bila mtu kumkalia mwenzake. Ukishuka kwenye bajaji, hesabu inaharibika.

Familia hii ilikuwa na sababu ya kuhesabu kwa makini. Mtoto ana miaka 11 na ana tatizo la moyo alilozaliwa nalo. Alikuwa na barua ya rufaa na miadi ya saa 2 asubuhi, siku ya Jumatano, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga. Vipimo siku ya kwanza, majibu na maelezo ya daktari siku ya pili. Baba alibaki Dodoma na wadogo zake wawili na kazi. Bibi, mama mzazi wa mama, alisema hamwachi binti yake aende peke yake kusikiliza habari za moyo wa mjukuu wake.

Kwa desturi, suala la chumba lisingekuwepo kabisa. Mtu wa bara akienda Dar es Salaam hufikia kwa ndugu, na ndugu alikuwepo: mjomba wa mtoto, mtoto wa pili wa bibi, anaishi Chanika. Ana nyumba, ana chumba, na tangu aliposikia safari alikwishasema kitanda kiko tayari.

Tatizo ni Chanika yenyewe. Ni mbali, kupita Gongo la Mboto na Pugu, na barabara ya kuja mjini kutoka huko wakati huo ilikuwa na ujenzi wa njia ya mwendokasi unaobana magari. Kufika Upanga kabla ya saa 2 maana yake ni kutoka nyumbani usiku, kugombania daladala gizani na mtoto ambaye akikimbia hatua ishirini midomo inabadilika rangi. Mama alilijua hilo. Alichokuwa hajui ni jinsi ya kumwambia kaka yake kwamba watalala gesti wakati yeye yupo mjini huo huo. Kwa watu wengi hilo ni tusi.

Bibi ndiye aliyepiga simu. Hakuzunguka. "Mwanangu, Jumanne na Jumatano tutalala karibu na hospitali. Alhamisi tukimaliza, uje utuchukue, tutakaa kwako mpaka mtuchoke." Mjomba alinyamaza kidogo, akauliza watalala wapi, akaambiwa Kariakoo, akasema Kariakoo wezi wengi, kisha akakubali. Wazazi wengi hukwama hapo hapo, wakaishia kulala mbali kwa kuona haya, na kesho yake miadi ikawapita.

Mama alianza kutafuta wiki mbili kabla, kwenye simu. Aliangalia kwanza bei za Manzese na Sinza, ambako gesti ni nyingi na nafuu. Ramani ilionyesha si mbali na Muhimbili, lakini mwezi ulikuwa Aprili, na ramani haina masika. Kati ya Magomeni na Faya kuna bonde la Jangwani ambalo Mto Msimbazi hupitia, na mvua ikishakuwa kubwa mto hupanda barabarani, na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo, mwendokasi na magari yote. Zipo njia za kuzunguka kupitia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ila asubuhi ya mvua kila mtu huzunguka huko huko. Mwenye miadi ya hospitali ni heri alale upande ule ule wa bonde ambako hospitali iko.

Upande huo una Upanga yenyewe, Kisutu, Posta na Kariakoo. Upanga kuna utulivu na miti, na mtu anaweza kwenda hospitali kwa miguu, lakini vyumba vilivyopatikana vilikuwa ghali. Hoteli moja ya Posta ilikuwa na kile hasa walichokitaka: chumba cha vitanda vitatu, kiyoyozi, lifti, chai ya asubuhi. Bei ya usiku mmoja ilikaribia nauli ya wote watatu kwenda na kurudi. Nauli ya treni ya kawaida ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam, safari zilipoanza Julai 2024, ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa umri wake alilipa nusu. Familia ilikuwa imetenga shilingi 120,000 kwa malazi ya siku mbili. Ikabaki Kariakoo.

Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliweka hapo kambi ya kikosi chake cha wabeba mizigo, Carrier Corps, na midomo ya watu ikakigeuza Kariakoo. Baadaye mtaa ulijaa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma kwenye jiko na choo. Katika nyumba kama hiyo mgeni wa tatu hakuwa tatizo, mkeka ulitandikwa na watu wakasogea. Leo viwanja vile vile vyembamba vimebeba maghorofa. Chini maduka, juu yake stoo za mizigo, na juu ya stoo, loji. Ndiyo maana swali la kwanza la Kariakoo inafaa liwe la ngazi, hata kabla ya bei.

Mama hakulijua hilo akiwa Dodoma. Alipiga simu sehemu nne, akatumiwa picha. Picha zote zilifanana: kitanda kimetandikwa shuka jeupe, taulo limekunjwa kama bata, televisheni ukutani. Kwenye picha hakuna ngazi wala harufu ya choo, na hakuna anayepiga picha dirisha linalofunguka kwenye ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono mmoja.

Alichojifunza kwenye simu zile nne ni kwamba maneno hayana maana moja. "Chumba cha watu watatu" mahali pamoja kilikuwa kitanda kikubwa na kidogo, na kwingine kilikuwa kitanda kimoja na godoro chini. Sehemu ya tatu alijibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba kitanda ni sita kwa sita, "mnaenea hata wanne." Kitanda cha sita kwa sita kina upana wa futi 6. Ukigawa kwa watatu, kila mmoja anapata futi 2, yaani sentimita 61, upana wa kitanda cha mtoto mchanga. Bibi akigeuka, mtoto anaanguka.

Kwa hiyo maswali yake yalibadilika. Aliacha kuuliza kama chumba kinatosha watu watatu akaanza kuuliza: vitanda ni vingapi, na kila kimoja kina futi ngapi? Neti ni ngapi? Kwa sababu godoro la chini karibu kila mara halina neti, na mbu wa Dar es Salaam hawajali kwamba wewe ni mgeni wa ziada. Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ikiwepo, umeme ukikatika inakuwaje? Dirisha linatazama wapi? Bei ni ya chumba au ya kichwa, na mtoto anahesabiwa mtu mzima kuanzia miaka mingapi? Kutoka ni saa ngapi?

Swali la mwisho ni dogo na limewagharimu wengi. Gesti nyingi humtaka mgeni atoke saa 4 asubuhi. Mtu mwenye miadi hospitalini saa 2 hawezi kurudi kufungasha saa 4, na asiporudi anadaiwa siku nyingine. Dawa ni kukubaliana mapema: ama mizigo ibaki mapokezi, ama saa isogezwe. Wahudumu wengi hukubali wakiambiwa siku ya kwanza, na wengi hukataa wakiambiwa dakika ya mwisho.

Baba anayesafiri na babu na kijana ana lake jingine la kuuliza. Zipo gesti zilizobandika tangazo ukutani kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Mhudumu mwenye busara akiona babu, baba na mtoto ataelewa, lakini si jambo la kulikuta saa 5 usiku na mabegi mkononi.

Safari yenyewe ilikuwa nyepesi. Treni ya asubuhi, mahandaki ya Kilosa ambayo mtoto aliyahesabu kwa sauti, Morogoro, halafu joto la pwani likaanza kupanda taratibu mpaka bibi akavua kitenge cha mabegani. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya mji, na hadi Kariakoo ni mwendo mfupi wa bajaji. Walikaa watatu nyuma, begi miguuni. Mtoto alikaa katikati akatabasamu njia nzima.

Loji ya kwanza ndiyo ile ya dirisha la mapokezi. Kwenye simu walikuwa wameahidiwa vitanda viwili, lakini chumba hicho "kimechukuliwa asubuhi hii hii." Kilichobaki kilikuwa cha kitanda cha tano kwa sita na godoro, shilingi 40,000, ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo na ilikuwa na kufuli.

Mama aliomba kukiona kwanza. Mhudumu alikunja uso kidogo, kisha akachukua ufunguo. Kuona chumba kabla ya kulipa si ujeuri, na nyumba isiyotaka chumba chake kionwe imekwishajibu.

Walipanda. Ghorofa ya kwanza walipita kwenye marobota ya vitambaa. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili mtoto aliinama kurekebisha mkanda wa sandali. Alirekebisha mkanda ambao haukuwa na tatizo, polepole, akiwa ameegemea ukuta. Mama aligeuka. Kabla hajasema kitu bibi alishika goti na kukaa kwenye ngazi.

"Ngojeni. Goti langu limekataa."

Mhudumu akasimama. Mtoto akakaa kando ya bibi yake, akamshika goti kwa heshima kama daktari. Walikaa hapo kama dakika tano, yeye akivuta pumzi na bibi akilalamikia ngazi za mjini. Goti hilo lilikuwa limepalilia karanga Februari ile ile, ekari nzima, na halikuwa na shida yoyote. Mama alilijua hilo. Alitazama juu, ghorofa zilizobaki, akafikiria kupanda na kushuka mara ngapi kwa siku mbili, akamwambia mhudumu asante sana, kaka, hatutaweza, mama yangu anaumwa goti.

Waliposhuka, bibi alitembea vizuri kabisa.

Loji ya pili ilikuwa mitaa miwili mbele, ndogo na isiyo na bango kubwa. Dada wa mapokezi alisimama kumsalimia bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umzima?" Baada ya hapo mambo yakawa mepesi, maana katika nchi hii salamu bado inapunguza bei kuliko kubishana. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, ngazi 16. Mtoto ndiye aliyehesabu. Vitanda viwili: kimoja tano kwa sita, kingine kidogo, tatu na nusu kwa sita. Feni ya dari. Choo ndani, cha kukaa. Maji ya moto hayakuwepo bombani, lakini jikoni wangechemsha ndoo kwa ajili ya bibi. Shilingi 60,000 kwa usiku mmoja. Siku mbili, 120,000, bila hata mia ya kubaki.

Mama alikagua kama anavyokagua mchele. Alifungua bomba. Aliwasha feni na kuisikiliza. Alinyanyua shuka kuona godoro. Neti ilikuwa moja, akaomba ya pili, ikaletwa. Alisogea dirishani: lilitazama uani, lina nondo. Nondo huzuia mwizi na huzuia pia aliye ndani kutoka, kwa hiyo akauliza moto ukitokea watu wanapita wapi. Dada wa mapokezi aliwaonyesha ngazi ya pili mwisho wa korido, inayoshukia uani, na mlango wake ulikuwa wazi. Halafu mama alifanya jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: alifunga kitasa kwa ndani, akampa mtoto ufunguo, akamwambia afungue mwenyewe. Alifungua mara ya pili. Bibi alishindwa, wakacheka, wakakubaliana bibi asibaki chumbani peke yake akiwa amejifungia.

Kulikuwa na njia nyingine ya kugawa fedha ile ile, nayo mama aliipima: vyumba viwili vya mtu mmoja, kila kimoja shilingi 35,000, kwa nyongeza ya 10,000 tu kila usiku. Kwa familia nyingine ingekuwa ndiyo njia bora. Kwa hii haikufaa. Bibi peke yake asingeweza kitasa, na mtoto mwenye moyo kama ule halali mahali ambapo hakuna mtu mzima anayesikia pumzi yake.

Wakaandika kitabu cha wageni. Jina, utokako, uendako. Kwenye "uendako" mama aliandika Muhimbili. Dada wa mapokezi alisoma, akamtazama mtoto, hakusema kitu. Jioni alileta ndoo mbili za maji ya moto badala ya moja.

Lililobaki lilikuwa la usiku: nani alale wapi. Kwa mama hesabu ilikuwa rahisi. Bibi kwenye kitanda kikubwa, mtoto kwenye kidogo apumue vizuri, na yeye mwenyewe angejibana pembeni ya bibi, au pengine atandike kanga chini ili bibi apate nafasi. Mtoto wa kiume wa miaka 11 halali tena kitanda kimoja na mama yake. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti na wote watatu walilijua, mtoto kuliko wote. Alikuwa amekwishaanza kubadili nguo bafuni.

Bibi alimwacha apange, mpaka alipoona kanga inatolewa kwenye begi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kulalia, mama. Hapo wewe utabanwa."

"Rudisha." Bibi alikaa kwenye kitanda kikubwa, akapiga godoro kwa kiganja. "Mume wangu, njoo hapa. Wewe utalala na mkeo."

Mtoto alifunika uso kwa mikono. Tangu anazaliwa bibi amekuwa akimwita mume wake, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na huko nyumbani humjibu kwamba talaka iko njiani. Lakini utani una kazi yake. Anachoona haya kufanya mbele ya mama yake, mjukuu anaweza kukifanya na bibi yake wakicheka, na heshima ya kila mtu ikabaki mahali pake.

"Na mimi?" mama aliuliza.

"Wewe lala hapo peke yako." Bibi alionyesha kitanda kidogo. "Kesho mimi kazi yangu ni kukaa kwenye benchi. Huyu kazi yake ni kupimwa. Wewe ndiye utakayemsikiliza daktari. Ukisinzia pale, nani atatuambia alichosema?"

Katika maelezo yote yanayotolewa kuhusu kuchagua chumba, hili halimo. Watu hupanga vitanda kwa umri na kwa heshima, na hiyo ni sawa, lakini anayesahauliwa ni yule ambaye kesho yake atatakiwa kuwa macho. Ni mama aliyelala kwenye godoro la chini bila neti ndiye anayekaa mbele ya daktari, anaambiwa majina ya dawa na tarehe za kurudi, anatakiwa kuuliza maswali, na anatia saini. Kuokoa shilingi 20,000 kwa usingizi wake ni kubana mahali pabaya. Ingekuwa safari ya harusi, kanga ingetosha kabisa.

Usiku Kariakoo hailali. Spika za matangazo zilinyamaza, yakaanza malori ya kushusha mzigo, yakafuata maguta, vijana wakiitana, mwanga wa maduka ambayo siku hizi mengine hufanya biashara usiku kucha. Dirisha la uani lilipunguza kelele nusu. Chumba cha mbele kingekuwa na hewa zaidi na usingizi kidogo. Ndani kulikuwa na joto, na feni ilifanya kazi mpaka saa 9 usiku, umeme ulipokatika, mvua ikaanza. Mama alisikia mvua ikinyesha kwenye mabati ya uani. Alisikia pia pumzi ya mwanawe, na ile nyingine kubwa zaidi kando yake. Akalala tena.

Asubuhi maji yalikuwa yametuama mtaani. Dereva wa bajaji alisema Jangwani wamefunga tangu alfajiri. Wao walikuwa upande huu. Walipita Faya wakakunja kuelekea Upanga, mtoto katikati kama jana, miguu ya suruali ya mama imekunjwa, viatu mkononi. Walifika saa 1 na nusu. Foleni ilikuwa fupi kuliko walivyotarajia. Saa 3 mwanamke mmoja aliingia akiwa amelowa hadi kiunoni, na mtoto mgongoni, akiuliza kama majina yamekwishaitwa. Alikuwa ametoka Magomeni. Bibi alimsogezea nafasi kwenye benchi na kumpa kitenge chake.

Jina lao liliitwa. Muuguzi alimpima mtoto uzito na urefu, akamfunga kipimo cha presha, akamuuliza kama alilala vizuri.

"Nimelala," alisema mtoto. "Ila bibi anakoroma."

"Muone huyu," bibi alisema kutoka kwenye benchi. "Mume gani anamsema mkewe mbele za watu?"

Muuguzi alicheka, akaandika namba zake, akaelekeza mlango wa daktari. Mama alikuwa amekwishasimama. Alitoa kwenye pochi daftari dogo lenye maswali saba aliyoyaandika kitandani kabla hajalala, akamshika mwanawe mkono, wakaingia.